Watoto: Hakuna

Mpendwa Kogo,

Jumapili hii, baada ya matangazo, utasikia jina lako likitajwa katika ukumbi wa kanisa. Usishtuke, ni mimi. Nimemwomba mchungaji dakika chache nisome barua hii mbele ya watu wale wale waliokuwepo siku ile, maana karatasi yako ilisomwa kwa kipaza sauti na sioni kwa nini hii isomwe kwa kunong'ona. Wachache wametangulia, kama wewe. Waliobaki wanatosha.

Naandika kwa Kiswahili, na najua ungeguna. Mimi na wewe hatukuwahi kuongea Kiswahili ila tukiwa na mgeni, au tukigombana na mkaguzi wa majani kule senta ya kuuzia chai. Lakini kuna mtu nimemwalika kutoka Kipkelion ambaye Kikipsigis chake kinaishia kwenye salamu, na yeye zaidi ya wote ningependa asikose hata neno moja. Unamkumbuka. Ni Wanjiru, yule uliyempa maziwa ya mursik akamaliza kibuyu kizima, halafu akauliza kwa adabu kama kuna kingine.

Mwaka huu watu hawanipi nafasi ya kupumua. Ninafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja hapa mjini Kericho, na kila ninakopita naulizwa swali moja: ni kweli mwaka wa elfu mbili ukiingia mashine zote zitachanganyikiwa? Kinyozi ameniuliza wembe ukiwa shingoni mwangu. Nawajibu kwamba mashine haijui mwaka wala mwezi, inajua kile ilichoambiwa na mtu, na kama kuna kosa basi mtafuteni mtu. Nalisema hilo mara kumi kwa wiki. Kila nikilisema nakuona umesimama mlangoni mwa ukumbi na koti la marehemu mumeo, maji yanakutiririka, unaniangalia.

Wewe haya unayajua, lakini acha niyaseme kwa ajili ya mgeni wetu. Mumeo, Arap Rono, alikufa bila ninyi kujaliwa mtoto. Ukabaki na ng'ombe, shamba la chai, na ndugu wa mume waliokuwa wanahesabu siku. Ukafanya kama wanawake wa Kipsigis walivyofanya tangu zamani nyumba ikiwa karibu kuzimika: ulichukua ng'ombe ukaenda kuposa msichana. Msichana huyo ni Rael, mama yangu. Tangu siku hiyo wewe ndiye ulikuwa mwanamume wa nyumba. Mtoto ambaye Rael angezaa, kwa mwanamume yeyote, angekuwa wako, nawe ndiwe babake. Nikazaliwa mimi, mmoja tu, mchana wa jua kali, nikaitwa Kibet.

Nilikuita Kogo kwa sababu ulikuwa na umri wa nyanya, na kwa sababu mtoto mdogo hawezi kumtazama mwanamke mwenye kitambaa kichwani, meno mawili ya mbele hayapo, akamwita baba. Wewe mwenyewe ulicheka tu. Lakini ukivaa lile koti la kijivu la Arap Rono, lenye kifungo kimoja cha shaba na viwili vya plastiki, nilijua unakwenda kwenye mambo ya wenye nyumba. Wazee walikusalimu kwa salamu ya wanaume, nawe ukaijibu kama wanaume wanavyoijibu, bila hata kutabasamu.

Nyumbani sikuona ajabu yoyote. Ajabu niliipata shuleni. "Baba yako anafunga kitambaa," waliniambia, na nikapigana nao hadi darasa la tano. Kisha nikagundua njia rahisi zaidi ya kupigana. Nilianza kusema baba yangu alikufa. Arap Rono alikuwa amekufa kabla Mama hajazaliwa, lakini wale watoto walikuwa wabovu wa hesabu na hakuna aliyeuliza. Hapo ndipo nilipojifunza, Kogo. Uongo wangu wa kwanza sikuufanya kwenye kompyuta.

Nakumbuka ulivyonifundisha kuchuma. Ukungu bado umeshika kilima, majani yana umande, mikono inauma kwa baridi. Ulinishika vidole ukanionyesha: majani mawili na kichipukizi, basi, lingine lolote ni tamaa. Ukimwona mtu anachuma kwa kukwangua ulisema huyo anachuma mti si chai. Jioni ulimwaga kikapu changu chini na kutoa jani moja moja lililokomaa, bila kunigombeza, ukinionyesha kila moja ili nione aibu mwenyewe. Na ile siku mvua ya mawe ilitukuta katikati ya shamba, ulinifunika na kikapu chako ukabaki nje wewe. Nilikuwa nasikia mawe yanagonga kikapu, nikakuuliza kama yanauma. Ukasema, "Wewe hesabu tu." Nilifika mia na kitu.

Nilipokwenda chuoni mjini uliniuliza kompyuta ni nini. Nikakwambia ni mashine ya kukumbuka. Ukafikiri kidogo ukasema, "Basi imekuja kuchukua kazi yangu." Kisha ukauliza kama inaweza kukukumbuka na wewe. Nikasema inaweza. Uliipenda sana hiyo habari, ukaibeba hadi senta, hadi kisimani, na baada ya juma moja kila mtu kilimani alijua kwamba Kibet ataliweka jina lako, Taprandich, ndani ya mashine.

Mwaka wa mwisho walimu walitugawa vikundi vya watu watatu. Kila kikundi kitafute watu wenye shida ya kweli, kiwaandikie programu, kisha kiioneshe mbele ya wenyewe. Kikundi chetu kilikuwa mimi, Wanjiru na Weldon wa Soin. Wanjiru ndiye alikuwa na akili ya kazi. Babake ana duka Kipkelion, na yeye alikua akipanga bidhaa kwenye rafu, labda ndiyo maana alipenda kila kitu kikae mahali pake. Weldon alikuwa na sauti nzuri na vidole vya haraka. Mimi nilikuwa na kilima. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya senta yetu, akasema shida yao ni daftari: wanataka kujua kila shamba ni la nani, nyumbani mwake kuna nani, na akiondoka atasimama nani. Daftari lililokuwepo lilikuwa limeliwa na panya upande wa mashariki, kwa hivyo nyumba za mashariki hazikuwa na watu.

Tulitembea na fomu juma zima. Nyumba za kilima chetu nilizichukua mimi peke yangu, na sasa unajua kwa nini. Sikutaka wenzangu wafike kwetu.

Lakini fomu yako niliijaza sawa. Hilo nataka ulishike. Ulitoka nje umevaa koti, mchana huo wa jua, ukaketi kwenye kigoda kama mtu anayepigwa picha. Ukasema, "Andika. Mwenye nyumba, ni mimi. Mke wangu, Rael. Mtoto wangu, wewe. Andika jina lako vizuri lisije likafutika." Niliandika yote, nikakusomea. Ukaweka dole gumba chini, ukalipuliza likauke. Mama alikuwa anaanua nguo na nikamwona anasikiliza.

Siku ya kuingiza fomu kwenye kompyuta, Weldon alikuwa anapiga chapa, mimi namsomea, Wanjiru anasimamia. Tulipofika kwako skrini ikalia, na maandishi ya kijani yakatokea: KOSA. JINSIA HAILINGANI. Wanjiru alikuwa ameiambia programu kwamba mwenye shamba akiwa mwanamke, mwenzake lazima awe mwanamume. Hakuwa na ubaya, aliandika alivyojua.

"Hebu soma tena," akasema. "Huyu mama ana mke?"

Weldon akaanza kucheka. Yeye ni Mkipsigis kama sisi, alielewa kabla ya wote. "Hiyo ni ile ndoa ya zamani," akasema. "Bado kuna watu wanafanya hiyo kitu? Si siku hizi watu wameokoka, bwana!" Akaangalia mstari wa chini. "Na mtoto anaitwa Kibet. Kibet, si wewe?"

Chumba kizima kilikuwa na watu. Vikundi vingine vilikuwa vimegeuka kutazama.

"Kina Kibet ni wengi," nikasema.

Ni kweli ni wengi. Ukisimama sokoni Jumamosi ukaita Kibet, nusu ya wanaume watageuka. Weldon aliridhika, akacheka tena. Wanjiru hakucheka. Alisema, "Hata kwetu nyanya yangu anasema ilikuwa. Si makosa yake, ni programu yangu ndio haijui. Nipeeni saa moja nitoe hiyo cheki ya jinsia."

Saa moja tu, Kogo. Alikuwa ameshavuta kiti. Angeifanya na mashine ingekukumbuka kama ulivyotaka, na mimi nisingekuwa na barua ya kuandika leo. Lakini saa moja ilikuwa ni saa moja ya kuongea juu yako, watu wakisogea wakiuliza ni nyumba gani hiyo, ni nani anaijua. Nikasema, "Achana nayo. Fomu ilijazwa vibaya, mimi naijua hiyo nyumba." Nikamwondoa Weldon kitini nikaketi mimi. Nikaandika: mjane. Kwenye watoto nikaandika: hakuna. Mama nikamshusha chini kabisa, kwenye mstari wa wanaosaidia shambani: Rael, mchumaji wa kuajiriwa. Skrini haikulia. Ilikubali yote mara moja, kwa upole.

Nilijiambia ni ya maonyesho tu, nitairekebisha baadaye. Nilijiambia karatasi yako ikichapwa nitaiondoa kabla haijafika kwa watu.

Siku ya maonyesho babake Wanjiru alileta kompyuta kwa pikapu yake, imefungwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Shule ya sekondari ilituazima jenereta. Ukumbi wa kanisa ulijaa, na waliokosa viti walisimama dirishani. Printa ilipoanza kulia kama cherehani, wamama walipiga vigelegele. Sasa, karatasi za printa za wakati ule zilitoka zimeshikana, moja imeungana na nyingine, ukitaka moja unaichana. Nilikuwa nimepanga kuichana yako upesi. Lakini mwenyekiti alipoona karatasi ndefu vile aliipenda mno, akasema isikatwe kabla haijasomwa yote, watu waone kilima chetu kilivyo kirefu. Wazee wawili wakaishika huku na huku kama kamba ya kuanikia nguo. Nikaona yako ikipita mbele ya macho yangu na sikuweza kuigusa.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Ulikuwa na kikohozi, na mvua ya mchana ilikuwa imeshaanza. Nilijua hutakuja.

Weldon alishika kipaza sauti. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, tulikubaliana kila nyumba isomwe na mwenyewe aitikie kwamba ni sawa. Alisoma vizuri, kama mtangazaji, na kila nyumba ikaitikia. Ulipoingia alikuwa amebakisha nyumba tatu kufika kwako. Ulisimama mlangoni, koti limelowa, ukakataa kiti.

"Taprandich wa Arap Rono," akasoma. "Mwanamke. Mjane. Watoto: hakuna. Wanaosaidia shambani: Rael, mchumaji wa kuajiriwa."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani. Kisha nikasikia jenereta tu.

Hukuitazama karatasi. Ulinitazama mimi, ukaniuliza kwa lugha yetu, bila hasira hata kidogo, "Kibet, inasema nini hiyo?"

Ungeona jinsi ilivyokuwa rahisi. Maneno mawili yangetosha. Ningesema "ni mimi", ningeona haya, ungenigombeza, labda ungenichapa na bakora mbele ya ukumbi mzima, na yangeisha siku ile ile.

Nikasema, "Mashine imekosea, Kogo."

Ukashusha pumzi. Kweli nilikuona ukishusha pumzi, ukafurahi. Ukageukia watu ukaongea kwa Kiswahili chako, kwa ajili ya wageni. "Munasikia? Mashini ndio imekosea. Si makosa ya hawa watoto. Mtoto yangu iko hapa, amesimama, munamuona." Ukaninyoshea kidole. Wanjiru akaangalia kidole chako, akaniangalia mimi, na hapo akajua Kibet ni yupi.

Mama alikuwa benchi la tatu na kikapu chake miguuni.

Na baadaye ukatupeleka nyumbani, sisi sote watatu, maana ulikuwa umepika tangu asubuhi kwa ajili ya "watoto wa kompyuta". Weldon alikula bila kuinua macho. Wanjiru alikuwa karibu kulia, ukadhani analilia programu yake. Ukakaa karibu naye, ukamjazia kikombe. "Wacha kulia, msichana. Hata ng'ombe unapiga teke ndoo. Utatengenesa ingine." Alinywa, akanywa, akanitazama juu ya kikombe akinipa nafasi. Sikuichukua.

Kule ukumbini, karatasi zilipokatwa, kila mtu alibeba yake. Yako uliikataa, ikabaki kwenye benchi, na Arap Sang, mtoto wa shemeji yako, akaikunja akaiweka mfukoni. Yeye alikuwa anautaka upande wa shamba ulio karibu na kijito tangu nikiwa mdogo. Siku zote alisema nyumba ya Arap Rono ilizimika zamani, na wazee walimwambia anyamaze. Sasa alikuwa na kitu ambacho wazee hawana. Alikipeleka kwa naibu chifu, kijana mgeni aliyeiamini karatasi iliyochapwa kuliko mdomo wa mtu. "Hata kompyuta imesema hana mtoto," Arap Sang akamwambia. "Na kompyuta inajuana na nani hapa?"

Wazee waliokuja kukutolea ushahidi walikuwa wengi kuliko viti vya ile ofisi. Naibu chifu aliwasikiliza wote, halafu akaniita mimi. "Kijana, wewe ndio fundi ya hii kitu. Inaweza kukosea?" Nikamwambia inaweza. "Hapa ilikosea?" Nikamwambia ilikosea. Akaandika, akamrudishia Arap Sang karatasi yake, mambo yakaisha. Shamba likabaki letu. Uongo wangu ukalipwa vizuri sana, ndiyo sababu nikashindwa kuutupa. Tukirudi uliushika mkono wangu njia nzima, mbele ya watu, kijana mkubwa nimeota ndevu, na sikuutoa.

Habari zilifika chuoni kwamba programu yetu imemnyima mama mmoja mtoto wake. Mwalimu akauliza ni sehemu ya nani iliyokosea. Sote tulijua sehemu ya kukagua ni ya Wanjiru. Nilikaa kimya. Aliandika juu ya kazi yetu kwa wino mwekundu: programu haiaminiki. Tulipita kwa shida. Wanjiru, aliyekuwa wa kwanza darasani, ambaye mwalimu alikuwa ameahidi kumwombea nafasi ya kazi Nairobi, hakuombewa tena. Alinikuta kwenye ngazi akaniambia jambo moja: "Kibet, programu yangu haikukosea." Hakungoja jibu. Alirudi Kipkelion, dukani kwa babake.

Nimefikiri sana juu ya ule mradi. Watu wakiniuliza tulijifunza nini, nawaambia habari za flopi na jenereta, wanacheka. Siwaambii kwamba tulikuwa watatu na wawili walifanya kazi yao.

Sasa nifike mahali ambapo sitaki kufika.

Mwaka jana kile kikohozi kilirudi, kikakataa kuondoka. Nilikukodia gari, tukaenda hospitali, na ukatembea mwenyewe kutoka getini kwa sababu hukutaka kiti cha magurudumu. Daktari alikuwa msichana mpole. Akasema anataka upigwe picha ya kifua aone kuna nini ndani. Ukauliza, picha ya nini. Akakueleza kwamba kuna mashine, unasimama tu mbele yake, haiumi, itatuambia.

Ukaanza kufunga vifungo vya koti. Kile cha shaba, halafu vile viwili.

"Mashine moja ilishasema sina mtoto," ukaniambia. "Hii nyingine itasema nini? Mwambie sitaki. Wewe si unazijua? Wewe mwenyewe uliniambia zinakosea."

Daktari akanigeukia, akinitaka nikubembeleze. Nilikubembeleza. Nilisema mashine hii ni nzuri, ni tofauti, imetoka mbali. Nilisema kila kitu isipokuwa lile neno moja ambalo lingekuinua kitini ukasimama mbele ya ile mashine: kwamba ya kwanza haikukosea. Niliogopa uso wako. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi, nina funguo za ofisi mfukoni, na niliogopa uso wa mwanamke mmoja mgonjwa. Tukarudi nyumbani na dawa ya kikohozi.

Baada ya mazishi nilirudi kumuuliza yule daktari. Alisema huenda picha isingebadilisha chochote, umri ulikuwa umekwenda. Alisema huenda. Ninalala na hilo neno na kuamka nalo.

Juma lililopita nilimwambia Mama. Alikuwa anapanga majani kwenye kikapu, hakuacha. Nilimwambia yote, hadi ule mstari wake wa chini. Akatoa jani moja lililokomaa akalitupa. Kisha akasema, "Kama niliajiriwa, mbona hamkunipa likizo?" Akacheka, na katikati ya kicheko akafunika uso na kitambaa. Aliniambia alijua tangu siku ile, kwa sababu alikuona ukiweka dole gumba na akanisikia ninavyokusomea fomu. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. "Ulikuwa umeshamwambia ni mashine," akasema, "na yeye alikuwa amefurahi."

Kisha nikaenda Kipkelion. Wanjiru alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mtoto mgongoni. Nilisema nilichokwenda kusema. Akamhudumia mteja wa sukari kwanza, akamrudishia chenji, ndipo akanitazama. "Mimi ya kazi nilishasahau," akasema. "Lakini yule mama alinifariji kwa kosa yenye si yangu, na akanipa maziwa. Hiyo ndio ilinishinda. Mimi nitakuja nisikie ukimwambia yeye." Basi atakuja, pamoja na mtoto. Nimemwahidi mursik, ingawa ya Mama haifikii yako na yeye mwenyewe anakubali.

Kwa hivyo nisikie, Kogo. Na Arap Sang anisikie, maana huwa anakaa karibu na dirisha. Na naibu chifu kama atakuja. Mashine haikukosea. Wanjiru hakukosea. Fomu ilijazwa sawa na ulichosema ndicho nilichoandika, halafu mimi, Kibet, nilikufuta kwa mikono yangu kwa sababu watu walicheka. Ulisimama mbele ya kilima kizima ukaninyoshea kidole ukasema huyu ni wangu. Mimi nilipoulizwa kama ni wako nilisema kina Kibet ni wengi.

Nimekukosea na sina wa kunichapa. Nimekaa kaburini kwako mara tatu nikijaribu kuyasema haya kimya kimya na nimeona hayafai kusemwa hivyo.

Flopi ya mradi iliota ukungu, haifunguki tena. Fomu yako ya kwanza ninayo, ilikuwa ndani ya kitabu changu cha chuo miaka yote hii, dole lako bado liko pale chini, jeusi, limepinda kidogo upande wa kushoto. Nimelivaa koti lako. Linanibana mabegani. Nikimaliza barua nitaisoma ile fomu, polepole, kwa kipaza sauti, kisha nitauliza kama desturi yetu ilivyokuwa siku ile: ni sawa? Mama ameniambia ataitikia kwa niaba yako.

Mwenye nyumba: Taprandich. Mke: Rael. Watoto: mmoja, anaitwa Kibet.

Kwaheri, Baba.

Ni mimi, mwanao